Khitma ya Aliye Hai

Jumatatu, 6 Oktoba

Maziwa ya ngamia yamefika saa mbili kasoro. Mitungi tisa kutoka Kulamawe. Nimefungua mmoja mmoja, nimenusa, nimeonja. Mmoja mwenyewe hakuufukiza kwa moshi vizuri, una harufu ya plastiki. Nimeutenga uwe wa susa, maziwa ya kugandishwa, ukichacha hakuna atakayejua. Hakuna mwanamke Isiolo hii mwenye pua kama yangu. Si mimi ninayesema. Watu wanasema.

Jua kali. Miguu imevimba kidogo. Nimerudi nyumbani saa saba.

Talaso alikuwa amefua. Nguo zake za ndani amezianika chini ya leso, vile wanawake tunafanya ili mpita njia asione. Hakuna aliyemfundisha. Alikuwa amesimama anaziangalia hizo leso kama mtu aliyepanda mahindi sasa yameota. Nikamuuliza anaangalia nini.

"Nguo zangu, Mama. Ziko kwa kamba."

Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa furaha yake ya leo. Nikacheka naye.

Halafu Mama Rehema akabisha lango, na Talaso akabadilika hapo hapo, sauti na shingo. "Shangazi, una mgeni."

Shangazi. Miezi mitatu sasa na bado sijalizoea neno hilo.

Jumanne, 7 Oktoba

Niandike wazi. Daftari ni langu. Nilisoma mpaka darasa la saba, na mwandiko wangu mwalimu aliuinua juu darasa zima likaona. Kwa hivyo naweza kuandika mambo yangu bila kuomba mtu.

Nilizaa watoto wawili. Adan ni wa kwanza, dereva wa lori, anakaa Moyale. Wa pili nilipewa mkononi nikaambiwa ni mvulana. Nikalea mvulana. Alipofika miaka ishirini akaniambia yeye si mvulana, hajawahi kuwa, ni msichana. Nilicheka. Halafu nikaona hacheki. Nikamwambia maneno ambayo sitayaandika hapa hata kama daftari ni langu. Akaenda Nairobi.

Mwaka mmoja baadaye Boru akasikia. Boru ni ndugu ya marehemu mume wangu, yuko Chechelesi. Mtu alikuwa amemwona mtoto wetu huko Nairobi amevaa dera. Boru akaja, akakaa kwenye kiti kile cha mbao. Akasema kuna lori limepinduka njia ya Marsabit, watu wameungua hawatambuliki, wamezikwa huko huko. Tuseme alikuwa ndani. Akasema aibu haiishi, lakini msiba unaisha.

Nilitikisa kichwa kukubali. Mdomo haukusema kitu. Kichwa tu.

Kufika alasiri nyumba ilikuwa imejaa wanawake wanalia.

Tangu siku hiyo, kila mwaka khitma. Wanakuja kwangu wanasoma Kurani, tunakula, tunamwombea marehemu. Tumeshafanya tano. Ya sita ni Alhamisi tarehe ishirini na tatu.

Naye marehemu yuko jikoni sasa hivi anakaanga vitunguu. Ananiuliza kama chumvi iko wapi.

Jumanne, jioni

Nimesahau kuandika vile alirudi. Nilianguka na presha mwezi wa sita. Adan akampigia simu. Kumbe walikuwa wanaongea miaka yote hiyo, Adan hakusema. Akaja na begi moja. Nilimjua kwa mwendo kabla sijaona uso. Nilimshika nikamnusa shingo, kama vile nanusa mtungi, nijue kama ni yeye. Ni yeye.

Majirani wakauliza huyu msichana mrembo ni nani. Nikasema ni binti wa kaka yangu, ametoka Sololo kunisaidia. Ulitoka wenyewe huo uongo. Uongo wangu wa pili, na nilimweleza Talaso nilivyosema huku nikiogopa uso wake. Akafikiri kidogo.

"Sawa, Mama. Angalau binti."

Alhamisi, 9 Oktoba

Siku mbaya.

Mtu akifa nguo zake hutolewa sadaka. Nami nilitoa. Ningefanyaje? Wanawake walikuwa wamesimama pale chumbani wanangoja begi. Nilikunja mashati yake moja moja nikapeana. Sasa yanatembea. Suruali ya jinsi ilivaliwa na fundi wa baiskeli mpaka ikararuka magoti. Shati la kijani analo Ekai, yule bwana anayeuza maji na punda. Miaka sita, na shati halichakai.

Leo lilitokea mbele yangu pale karibu na msikiti. Mgongo tu nimeona. Kijani. Nikaita jina. Lile jina. Kwa sauti, barabarani, kabla kichwa hakijanikataza.

Ekai akageuka na meno yake yote. "Mama Adan, unataka maji?"

Mama Rehema alikuwa kando yangu. Ni rafiki yangu tangu tuanze kuuza maziwa, tulikaa kwa gunia moja. Akanishika mkono. "Subira, dada. Hata mimi shati hilo likinipita moyo unaruka." Akanifuta machozi kwa leso yake mwenyewe. Akanipeleka kivulini akanipa maji ninywe.

Aliyatoa machozi ya kweli kwa mtoto wangu, siku tatu. Alifunga saumu. Na mimi nikakaa hapo kivulini nikipokea huruma yake kama haki yangu.

Ninajiona mwizi.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nilimwambia Talaso habari ya shati. Nilifikiri atahuzunika. Alicheka.

"Ekai limempendeza. Mimi lilikuwa linanibana kwapani."

Alikuwa amejipaka qasil, ule unga wa majani tunaosugulia uso. Uso wote kijani, macho tu yanaonekana. Amekaa kwa mkeka, miguu ameinyoosha, anangoja ikauke. Hataki kuongea sana isipasuke. Kila siku ya Jumamosi anafanya hivi na kila siku ya Jumamosi anafurahi kama mara ya kwanza. Anasema Nairobi alikuwa anajipaka akiwa amefunga mlango na kufuli. Hapa anakaa uani, jua linampiga, kuku wanapita.

Akasinzia na qasil usoni. Nikamwona amelala hivyo, uso mgumu kama udongo, hauna kope. Nikaogopa sana. Nikaweka vidole vyangu karibu na pua yake.

Anapumua.

Nafikiria kitu na sina wa kuuliza. Mtu akisomewa dua ya maiti mara tano, na watu wema, kwa moyo safi, hizo dua zinaenda wapi? Zinarudi? Ama zinamvuta? Siwezi kumuuliza maalima, mwalimu wetu wa Kurani. Nitaanzia wapi?

Jumapili, 12 Oktoba

Amegombezwa kwa foleni ya maji! Mama mmoja mnene wa ile ploti ya nyuma amempigia kelele watu wote wakisikia: "Wewe dada, nyinyi wasichana warembo mnafikiri urembo ni tiketi? Rudi nyuma!"

Alifika nyumbani na mitungi miwili, anang'aa. Akanisimulia mara tatu. Amemuigiza yule mama mpaka mikono kiunoni. Sijawahi kuona mtu akifurahia matusi hivyo.

Nimelala mchana nikicheka peke yangu. Kisha nikakumbuka tarehe.

Jumatano, 15 Oktoba

Leo sokoni mteja wa hoteli amenusa mtungi wangu, akafunga macho. Akasema maziwa ya namna hii hajakunywa tangu bibi yake afe. Moshi umeingia vizuri, hauchomi, hauna uchungu. Akauliza nani amefukiza.

Talaso. Ni Talaso anayefukiza mitungi yangu siku hizi. Anachoma vijiti, anapuliza, anaacha moshi uingie, anafunga kwa kiganja, anahesabu polepole, anafungua. Alipokuwa mdogo alikuwa anakaa kando yangu nikifukiza na baba yake alikuwa anamfukuza, hiyo ni kazi ya wanawake, nenda kwa mbuzi. Anakwenda. Anarudi.

Nikasema, "Ni binti ya kaka yangu."

Mama Rehema akadakia hapo, akaanza kumsifu Rehema wake, nesi, vile anavyodunga sindano mtoto halii. Mwingine akamleta binti yake mwalimu. Mwingine wake ameolewa na mtu wa magari. Zikapigwa sifa pale, wallahi, nusu saa nzima. Na mimi, mimi ninayejisifu hata kwa mbuzi, nikakaa kimya kama sina uzazi. Mtu wa hoteli ameshika kazi ya mtoto wangu mkononi na mimi nasema ya kaka, ya kaka.

Sifa zilinikaa kooni kama mfupa. Nimerudi nyumbani nikamsifu yeye mwenyewe mpaka akaniambia, "Mama, inatosha, nitavimba."

Ijumaa, 17 Oktoba

Boru alikuja baada ya sala kupanga khitma. Amezeeka. Fimbo, na jicho moja lina ukungu. Alikaa kwenye kiti kile kile.

Nilimwambia Talaso akae jikoni. Hakukaa. Alitoka na chai kwenye sinia, kichwa amekifunika, macho chini, akamwamkia vizuri na kumpa kikombe kwa mikono miwili.

"Binti ya nani huyu?"

"Ya kaka yangu, shemeji."

Akaonja chai. Akapenda. Akainua mkono akamwombea pale pale: Mungu amlinde, Mungu ampe mume mwema na nyumba yenye watoto. Sauti ilikuwa ya upole. Nilisahau kwamba anaweza kuwa na sauti hiyo.

"Amina, mzee," Talaso akasema.

Kisha Boru akaniambia mbuzi awe mkubwa mwaka huu. Marehemu asisahauliwe.

Alipoondoka nilimkuta Talaso jikoni anacheka mpaka amekaa chini. Kisha cheko likaisha na bado amekaa chini. Muda mrefu. Vitunguu vikaungua.

Jumatatu, 20 Oktoba

Sikukuu, shule zimefungwa, mtaa umejaa kelele za watoto. Nimepanga vitu vya Alhamisi. Mchele, samli, buni za kukaanga. Nimemwambia Talaso anaweza kwenda kwa Adan huko Moyale siku mbili tatu, arudi ikiisha. Nilijua atakataa.

"Nitapika mimi. Nani anajua alichopenda marehemu kunishinda?"

Anafanya mzaha hivi. Mimi siwezi. Tukaendelea kuchambua mchele, yeye upande ule, mimi huu. Ananipita kwa kasi, vidole vyake vinaona mawe kabla ya macho. Akasema bila kuinua kichwa:

"Mama. Wakisema amina, mimi niseme nini?"

Nilijifanya nimeona jiwe.

Jumatano, 22 Oktoba

Mbuzi ameletwa. Presha iko juu. Nimemeza dawa.

Ametoka kununua bangili za plastiki, nyekundu sita. Anazipandisha na kuzishusha mkononi akipika, zinalia. Nimekaa nasikiliza hizo bangili siku nzima. Zikinyamaza ninamwita. "Niko, Mama." Zikinyamaza tena ninamwita.

Sijui nitafanya nini kesho. Kweli sijui.

Alhamisi, 23 Oktoba

Niandike yote kabla sijasahau mpangilio wake.

Wamekuja wanawake kumi na wanne. Wamekaa kwa mikeka ukumbini, kila mtu na juzuu yake, wamesoma mpaka alasiri. Sauti nzuri kabisa ile, kama nyuki. Boru na wazee watatu walikuwa nje uani, kwenye kivuli cha ukuta. Nilipitisha buni na samli. Samli ikanimwagikia kwa dera. Mama Rehema akasema, "Keti wewe, mama wa marehemu hafanyi kazi." Akaninyang'anya sinia.

Talaso alikuwa jikoni. Nilisikia bangili.

Kabla ya dua, Maalima Safia hutaja majina ya waliokufa wa nyumba hii, mmoja mmoja, tunawaitikia. Akamtaja mume wangu. Amina. Mama yangu. Amina. Mama mkwe. Amina. Kisha akavuta pumzi kidogo, kama anavyofanya kila mwaka, kwa sababu huyu alikufa kijana, akafungua mdomo.

Bangili zilinyamaza.

Nikasema, "Huyo mwache."

Maalima akafikiri hakunisikia vizuri. Akaanza tena.

"Huyo mwache, Maalima. Huyo hajafa."

Mwanamke mmoja akaweka mkono kwa mdomo. Mama Rehema akaniangalia kwa huruma, akafikiri nimechanganyikiwa, akaanza kunivuta mkono aniketishe vizuri. Nikautoa mkono. Nikasema nilidanganya. Nikasema hakukuwa na lori, yaani lori lilikuwako lakini mtoto wangu hakuwa ndani. Nikasema nyinyi mmeomba kwa moyo safi na Mungu atawaandikia thawabu, dhambi ni yangu. Nilitaka kusema vizuri zaidi. Mimi mtu wa maneno, nikapata hayo tu.

"Yuko wapi?" Mama Rehema akauliza. Polepole.

Hapo ndipo niliogopa. Kwa sababu langu nilikuwa nimelisema, lakini hilo lingine si langu. Si langu kulitoa. Nikasema, "Yuko salama. Amekula leo."

Wakangoja. Nikafunga mdomo. Na ningeufunga mpaka Kiyama.

Kisha pazia la jikoni likainuka. Talaso akaingia na birika la maji na beseni, kuwanawisha wageni mikono, maana chakula kilikuwa tayari na yeye ndiye mdogo wa nyumba. Taulo begani. Alianza na Maalima, kama inavyotakiwa, mkubwa kwanza. Akamwagia. Maalima akanawa. Nani angekataa maji? Akaenda kwa wa pili. Kwa wa tatu. Bangili zinalia. Alipofika katikati ya ukumbi akageuka kwangu.

"Mama, taulo hii imelowa. Ile nyingine iko wapi?"

Mama. Hivyo tu. Mbele ya watu kumi na wanne.

"Kwa sanduku," nikasema. "Chini ya shuka, mwanangu."

Wengine walielewa hapo hapo. Nikaona nyuso zinahesabu, pua, kipaji, vile anavyoshika birika kama baba yake. Wengine mpaka saa hii sidhani wameelewa. Wanne waliondoka bila kula, na Boru na wazee wake uani walikuwa wamesikia, wakaondoka pia. Maalima alikula. Alikula kidogo, akafunga dua kwa waliobaki katika ile orodha, akaondoka bila kunipa mkono lakini bila kunitukana.

Mama Rehema hakula. Alisimama mlangoni anavaa viatu, akakosea mguu, akavaa tena.

"Nilifunga siku saba kwa ajili yake," akaniambia. "Nirudishie machozi yangu."

Akaenda.

Ijumaa, 24 Oktoba

Boru amekuja asubuhi. Hakuingia. Amesimama langoni na fimbo.

"Ulikubali wewe. Ulitikisa kichwa."

Ni kweli. Nikamwambia ni kweli. Nikamwambia hata kesho nikisimama mbele ya Mungu sitasema ni wewe peke yako.

Akasema nyumba ya kaka yake haiwezi kulala mtu yule. Hapo damu ikanipanda. Nikamwambia nyumba hii niliijenga mimi, kaka yake akiwa mbali na mifugo, bati kwa bati, kwa maziwa ya ngamia, na kama anataka aulize mtaa huu wa Bulla Pesa mzima nani alibeba mawe ya msingi na mimba ya miezi sita mgongoni. Mimba haibebwi mgongoni. Nilikuwa na hasira.

Talaso alikuwa nyuma yangu. Boru akamwangalia kwa lile jicho zima. Muda mrefu. Nilijua anaikumbuka chai. Mkono wake ukainuka kidogo, nikafikiri anataka kupiga, nikasogea mbele. Haukuwa wa kupiga. Sijui ulikuwa wa nini. Akaushusha.

"Mimi kwangu alikufa," akasema.

Akageuka. Fimbo ilikwama kwenye tope la maji ya kufulia na Talaso akaenda kuichomoa. Alimpa. Aliichukua bila kumwangalia.

Nina huzuni kwa ajili yake pia. Sikutarajia kuandika hivyo.

Jumapili, 26 Oktoba

Mitungi minne tu. Mama wawili wa Kulamawe wamempa mtu mwingine maziwa yao. Sokoni nafasi kando yangu iko wazi, Mama Rehema amehamia upande wa kule, amenipa mgongo. Nilichota maziwa ya kwanza nikamtumia kikombe. Kikarudi kimejaa.

Watu wanapita nyumbani polepole. Wengine wanasimama. Jana mtu aliandika neno kwa makaa ukutani nje. Talaso alilifuta kwa sabuni asubuhi kabla sijaamka, lakini ukuta umebaki mweupe hapo, na weupe huo unasema.

Nilimwambia akitaka tufunge vitu twende Moyale kwa Adan nitaelewa. Akasema hapana. Akasema amechoka kuondoka. Akasema anaogopa, usiku hasa, lakini anaogopa akiwa na jina lake.

Kisha akaniuliza kama nimeona vile mrehani wake umetoa maua. Upo kwenye mkebe wa samli dirishani. Nikaenda kuangalia. Ni kweli umetoa.

Alhamisi, 30 Oktoba

Mama Rehema ameingia bila kubisha. Amekaa kwenye mkeka, si kwenye kiti.

"Sijaja kusamehe. Nimekuja kugombana."

"Karibu," nikasema.

Tukagombana. Yeye zaidi, na haki yake. Ameniambia yote. Vile alivyomwamsha mumewe akilia. Vile alivyomwambia Rehema wake, mtoto mzuri akifa anasubiri mama yake mlangoni pa pepo. Ameniambia miaka sita nilimwacha abebe maiti ambayo haiko. Sikujitetea. Nilijitetea kidogo.

Talaso akaleta chai. Akamwekea, akataka kuondoka. Mama Rehema akamshika dera kwa pindo.

"Keti hapa. Wewe. Ulisikia nikilia?"

"Nilikuwa Nairobi, khala."

"Nililia vizuri."

"Mama aliniambia."

"Na ulisifiwa siku hiyo! Ati mpole, ati hukuwahi kumkosea mtu." Akatoa sauti puani. "Na uliniibia mayai mwaka mzima."

"Mayai yalikuwa ya Adan. Mimi nilikuwa nashika kuku."

Mama Rehema alijizuia. Nilimwona anajizuia, mashavu yanatetemeka. Halafu cheko likamtoka na chozi pamoja, akampiga Talaso begani, si kidogo, akampiga tena, na mkono wa tatu haukuwa tena wa kupiga, ukabaki pale begani. Akaonja chai. Akasema sukari imezidi. Akaimaliza.

Akiondoka aliniambia bado hajanisamehe. Nikamwambia najua. Akasema Rehema anakuja likizo na anatafuta mtu wa kumpaka hina, hao wa mjini wanaharibu.

Talaso ameshaanza kuchekecha hina.

Jumapili, 2 Novemba

Mvua imenyesha. Ya kwanza. Ilianza saa tano, kubwa, bati lilipiga kelele hatukusikizana.

Tulitoa kila chombo nje. Sufuria, beseni, ndoo yenye ufa. Talaso alisimama chini ya mfereji wa bati na nguo zake zote, akafungua nywele akaziosha kwa maji ya mvua. Zimefika mabegani. Sikuwa najua ni ndefu hivyo. Jirani wa ploti ya pili alisimama mlangoni kwake akamwangalia, nikangoja aseme neno. Alisema, "Msichana, utashikwa na homa." Akaingia ndani.

Mitungi ilikuwa mitano leo. Ekai hakupata kazi, nani ananunua maji.

Sasa imekatika. Udongo unanukia. Talaso amekaa mlangoni kwenye stuli, mgongo umenielekea, anachana nywele kwa kitana kipana, kutoka chini kwenda juu, polepole, anaimba kitu nusu nusu. Maji yanamdondokea mgongoni na hajali. Nimekaa nyuma yake naandika. Chai iko kwa jiko. Hajageuka na mimi sijamwita.